Kuunganisha faili ni rahisi mno, na hapo ndipo tunapoua mashine

Nimekuwa kimya kwa muda kwa sababu nilikuwa nyumbani Kimulot, kule juu Konoin katika kaunti ya Bomet, ambako mtandao huja na kuondoka kama ukungu juu ya mashamba ya chai. Nimerudi na hadithi inayoniaibisha kidogo. Naiandika kwa sababu najua mafundi na wanafunzi wengi wanaelekea kufanya kosa lilelile.

Leo tuzungumzie jambo linaloonekana dogo sana: kuchukua faili mbili za binari, yaani faili ambazo si maandishi bali ni baiti tupu za mashine, na kuziunganisha kuwa moja kwa kutumia amri, kabla ya kuiandika kwenye chipu ya kumbukumbu. Ni kazi ya mstari mmoja na huisha kwa sekunde moja. Maoni yangu ni haya: kwa sababu ni rahisi hivyo, hatuiheshimu, na mashine nyingi zinazoitwa "zimekufa bodi" huenda ziliuawa na mstari huo.

Nianze na kisa chenyewe.

Dada yangu mdogo ana saiba ndogo sokoni Kimulot. Ana meza mbili, printa moja, na laptopu aina ya ThinkPad X230, mashine iliyotoka mwaka 2012 ambayo leo huuzwa kwetu kama mtumba. Kwa laptopu hiyo hujaza fomu za watu: za kodi, za mikopo ya wanafunzi, za vyeti. Siku ikizimika, hana kazi.

Kadi yake ya Wi-Fi ilikufa. Nikampelekea nyingine, lakini BIOS ya mashine hiyo ina orodha ya kadi inazozikubali, na yangu haikuwamo. (BIOS ni ile programu ya kwanza kabisa inayoamka unapobonyeza kitufe, kabla ya Windows au Linux.) Mimi kwa ujuaji wangu nikaamua kuweka coreboot badala yake. Coreboot ni mradi huria ulioanza mwaka 1999 kwa jina la LinuxBIOS na kubadilishwa jina mwaka 2008, nao hauna orodha hiyo. Nikafungua laptopu, nikabana klipu juu ya chipu, nikasoma kilichomo, nikahifadhi, nikaandika coreboot. Kazi ikaenda vizuri.

Miezi kadhaa baadaye akapata kadi iliyo kwenye orodha. Akaniambia, "Kaka, nirudishie ile ya zamani. Wewe uko mbali, na fundi wa hapa hiyo yako haijui." Ombi la haki kabisa. Nikaja na faili niliyohifadhi, nikaiandika, programu ikasema imethibitisha, nikafunga skrubu, nikabonyeza kitufe.

Skrini nyeusi. Taa ya umeme inawaka, skrini haina kitu. Na nje kulikuwa na mama mmoja anasubiri kuchapiwa fomu ya mwanawe.

Ili uelewe nilichofanya, lazima ujue kwamba X230 haina chipu moja ya BIOS. Ina mbili. Ya kwanza ni ya MB 8, ya pili ni ya MB 4, na mashine huziona kama kumbukumbu moja ya MB 12. Hesabu kamili ni hii:

8388608 + 4194304 = 12582912

Ndani ya baiti hizo milioni kumi na mbili na zaidi kuna mpangilio. Mwanzoni kabisa mwa chipu ya MB 8 kuna ramani inayosema kila sehemu iko wapi. Kisha kuna sehemu ndogo ya kadi ya mtandao wa waya, ambamo anwani ya MAC ya mashine hiyo huhifadhiwa. Halafu sehemu ya Intel inayochukua takriban MB 5. Mwishoni ndiyo BIOS yenyewe, MB 7. Sasa angalia: MB 7 haziingii kwenye chipu ya MB 4. Kwa hiyo BIOS imekatwa, MB 3 ziko mkiani mwa chipu ya kwanza na MB 4 zimejaza chipu ya pili.

Jambo jingine: prosesa za jamii ya Intel zinapoamka haziendi mwanzo wa faili. Huenda kwenye baiti 16 za mwisho. Pale hukuta agizo la kwanza linalosema "ruka hadi mahali fulani", na kazi huanza. Kwa hiyo mwisho wa chipu ya MB 4 ndio mlango wa nyumba nzima.

Unaona basi mpangilio ulivyo na maana: MB 8 kwanza, MB 4 baadaye. Ukigeuza, ramani haipo mahali pake na mlango haupo mahali pake.

Mimi nilipohifadhi zile faili mara ya kwanza, nilizipa majina ya kivivu: 4mb.bin na 8mb.bin. Kisha, ili flashi yangu isijae vipande vipande, nikaandika hivi:

cat *mb.bin > zote.rom

Nikatazama ukubwa: 12582912. Sawasawa! Nikafuta vipande viwili, nikabaki na zote.rom. Nikajiona mtu mwenye utaratibu.

Umeliona kosa? Ile nyota haijui chipu. Hupanga majina kwa mfuatano wa herufi na tarakimu, na 4 huja kabla ya 8. Faili yangu ilikuwa na MB 4 mbele na MB 8 nyuma. Siku ya kurudisha, nikakata MB 8 za mwanzo nikaziandika kwenye chipu kubwa, na MB 4 za mwisho kwenye chipu ndogo. Chipu zote mbili zikapata takataka. Tena ile ya MB 8 ilikuwa nzima kabisa, coreboot haikuwa imeigusa! Niliiandika upya "ili niwe na uhakika". Uhakika huo ndio uliomaliza mashine.

Wale waliokulia kwenye chai watanielewa. Ukifika kituo cha kununulia majani, mizani inakuambia kilo. Haikuambii kama kikapu kina majani mawili na chipukizi, au kina matawi na majani magumu. Ndiyo maana karani hutazama kwa macho na kuingiza mkono kabla ya kupokea. Ukubwa wa faili ni mizani. Nilipima kilo, sikuingiza mkono.

Na ule ujumbe wa "imethibitishwa" je? Programu ya flashrom, baada ya kuandika, husoma tena chipu na kulinganisha na faili. Inathibitisha kwamba kilichomo kwenye chipu ni sawa na ulichoipa. Haithibitishi kwamba ulichoipa ni sahihi. Ukimpa tarishi barua ya matusi, ataifikisha salama.

Sasa nieleze amri zenyewe, kwa sababu wengi hutumia Windows na huko kuna mitego yake.

Kwenye dirisha la amri la Windows, lile la cmd, amri ni hii:

copy /b 8mb.bin+4mb.bin zote.rom

Ile /b si pambo. Bila hiyo, copy inapounganisha faili hudhani ni maandishi. Ikikutana na baiti yenye thamani 1A, ambayo enzi za DOS ilikuwa alama ya mwisho wa maandishi, huacha kusoma faili hiyo hapo hapo, na mwishoni huongeza 1A yake. BIOS imejaa baiti za kila thamani, kwa hiyo faili yako itakatwa. Angalau kosa hili mizani hulishika, maana ukubwa utakuwa pungufu.

Mtego wa pili: ukisahau jina la faili la mwisho, ukaandika copy /b 8mb.bin+4mb.bin peke yake, Windows huweka matokeo ndani ya 8mb.bin. Nakala yako ya asili imekwenda. Kwenye Linux ndugu yake ni cat 8mb.bin 4mb.bin > 8mb.bin, ambayo huifuta 8mb.bin kabla hata ya kuisoma. Matokeo yapewe jina jipya kila mara, bila ubishi.

Mtego wa tatu ni PowerShell. Wengi huifungua wakidhani ni cmd yenye rangi ya bluu. Huko copy ni amri nyingine na haiijui /b. Mbaya zaidi, huko kuna cat, lakini si cat ya Linux. Kwa kawaida yake husoma faili kama maandishi, na baiti zako hutoka zimegeuzwa. Ukiwa Windows na unataka kuunganisha binari, tumia cmd.

Mtego wa nne huwakuta wale wa chipu za zamani, EPROM zenye kidirisha cha kioo. EPROM ilizaliwa Intel mwaka 1971, kazi ya Dov Frohman, na hufutwa kwa mwanga wa ultravaileti kupitia kile kidirisha. Chukua 27C512, yenye baiti 65536. Una programu mbili za baiti 20000 kila moja, na ya pili lazima ianzie katikati, kwenye baiti ya 32768. Ukiziunganisha tu, ya pili itaanzia 20000 na kifaa hakitaiona. Lazima uweke kijazo katikati, na kijazo hicho kiwe FF, si 00. Chipu iliyofutwa husoma FF kila mahali, na kuandika ni kugeuza 1 kuwa 0. Ukijaza FF, nafasi hiyo hubaki wazi na unaweza kuiandika baadaye. Ukijaza 00, umeziba hadi ufute chipu nzima. Kwenye Linux kijazo hutengenezwa hivi:

head -c 12768 /dev/zero | tr '\0' '\377' > kijazo.bin
cat ya-kwanza.bin kijazo.bin ya-pili.bin > chipu.bin

Halafu kuna mashine ambazo kuunganisha kwa kufuatanisha ni kosa lenyewe. IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikuwa na chipu moja yenye baiti za namba shufwa na nyingine yenye za namba witiri. Huko unazisuka moja moja kama mkeka, huzifuatanishi. Na faili za Intel HEX, zile zenye mistari inayoanza na nukta mbili, si binari bali ni maandishi, na mstari wake wa mwisho husema "nimeisha". Ukiziunganisha kwa cat, programu nyingi zitaishia pale ya kwanza inapoisha. Zigeuze kuwa binari kwanza.

Basi, je, Kimulot niliponaje?

Niliketi nje ya saiba, nikanywa chai (ya kwetu!), nikaacha kubonyeza vitufe. Nikakumbuka kwamba ile ramani mwanzoni mwa chipu ya MB 8 ina alama yake. Ukihesabu kuanzia sifuri, kwenye baiti ya 16 hukaa 5A A5 F0 0F. Nikaingiza mkono kikapuni:

xxd -l 32 zote.rom

Haipo. Nikatazama MB 4 mbele:

xxd -s 4194304 -l 32 zote.rom

Na hii hapa, 5aa5 f00f, imekaa inaningoja. Kila baiti ilikuwepo, ila mpangilio tu ndio uliogeuka. Nikakata upya:

dd if=zote.rom of=nne.bin bs=1M count=4
dd if=zote.rom of=nane.bin bs=1M skip=4

Nikaandika kila moja kwenye chipu yake. Laptopu ikaamka, na yule mama akapata fomu yake kabla jua halijazama.

Nilikuwa na bahati. Kama kosa langu lingekuwa lile la PowerShell, na vipande nimeshafuta, baiti za asili zingekuwa zimepotea kabisa.

Hapa ndipo wengine wataniambia, "Sasa shida iko wapi? Pakua faili ya X230 nyingine mtandaoni, andika, maliza." Hiyo ndiyo desturi ninayoipinga kwa nguvu zote. Kilichomo kwenye chipu yako si BIOS ya aina hiyo ya mashine, ni BIOS ya mashine hiyo. Mna anwani yake ya MAC. Ukiandika ya mtu mwingine, laptopu yako itajitambulisha kwa jina la mgeni. Fundi akirudia hivyo kwenye mashine kumi za shule moja, mashine kumi zina anwani moja ya MAC, na siku zikiunganishwa kwa waya kwenye mtandao mmoja zitagombana huku kila mtu akilaumu nyaya. Tena hujui aliyeipakia faili hiyo aliweka nini ndani. Programu inayoamka kabla ya kila kinga uliyonayo, unaichukua kwa mtu usiyemjua?

Wengine watasema amri zimepitwa na wakati, tumia programu yenye madirisha, buruta na uachie. Sina ugomvi na madirisha. Lakini amri ina faida moja ambayo sisi wa mashambani tunaijua: inaingia kwenye SMS. Baada ya kisa hiki fundi mmoja wa Litein aliniuliza jambo kama hilohilo, nami nikamtumia mistari miwili. Hakuhitaji video wala bando. Aliinakili kwenye daftari, akaitumia, na kesho ataitumia tena bila mimi. Jaribu kueleza kwa SMS "bonyeza kile kitufe cha tatu, si kile cha kijivu".

Na amri hubaki kama ushahidi. Nilijua kosa langu kwa sababu ile cat *mb.bin ilikuwa bado kwenye historia ya amri zangu. Ningekuwa nimeburuta kwa kipanya, hadi leo ningeapa kwamba niliweka MB 8 mbele.

Haya ndiyo ninayofanya sasa, na ninakuomba uyafanye:

1. Hakikisha mashine haina umeme wala betri, na kwamba kifaa chako cha kuandikia hakipeleki volti 5 kwenye chipu ya volti 3.3. Baadhi ya CH341A za bei nafuu hupeleka.

2. Soma kila chipu mara mbili, kisha linganisha kwa sha256sum, au certutil -hashfile kwenye Windows. Zikitofautiana, klipu haijashika vizuri. Usiendelee.

3. Ipe faili jina linalosema nafasi yake: 1-chini-8mb.bin, 2-juu-4mb.bin. Hapo hata nyota ikipanga, itapanga sawa.

4. Unganisha kwa kutaja majina moja moja.

5. Baada ya kuunganisha, pima ukubwa, halafu ingiza mkono: tafuta alama unayoijua mahali unapotarajia iwe.

6. Usifute vipande vya asili. MB 12 leo ni ukubwa wa picha chache tu za simu.

7. Usiandike chipu ambayo haihitaji kuandikwa.

Ningependa vyuo vyetu vya ufundi vifundishe hili kwa vitendo, juu ya mashine mbovu za bei ya chini, kabla mwanafunzi hajagusa ya mteja. Siyo kwa sababu kila mtu atachoma chipu maishani. Ni kwa sababu hakuna mahali pengine utakapojifunza haraka kiasi hicho kwamba kompyuta hufanya ulichosema, siyo ulichokusudia. Nchi ambayo laptopu nyingi ni za mtumba haiwezi kuwa na mafundi wanaosubiri faili za watu wengine.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Dada yangu sasa ana bahasha imebandikwa chini ya meza, ndani mna flashi na karatasi niliyoandika kwa kalamu: nane kwanza, nne baadaye. Nilipoagana naye akaniuliza, "Kaka, hiyo ndiyo shahada uliyosomea miaka minne?"

Nikamwambia ndiyo, na nimeimaliza juzi.

Kama una mashine yenye chipu mbili, isome leo ikiwa bado nzima. Wasalaam, na tuonane tena mtandao ukitulia.